Meseji zenu zote ni za kuganda: maswali na majibu

Haya jamani, toleo lililopita niliwauliza kitu kimoja tu, lugha ya kigeni inakukwamisha wapi, nikitegemea mtanitajia sarufi, msamiati, matamshi, yale ya siku zote. Wapi! Meseji baada ya meseji ni kuganda tu. Mtu kasoma, mtihani wa kuandika kafaulu, afu akifungua mdomo inatoka "eee…" na kimya cha kusikia panka la darini. Kwa hiyo leo ni kuganda mwanzo mwisho. Meseji nimezikata kidogo manake kuna watu mnaandika ndefu kuliko gazeti lenyewe.

*

Mwalimu habari ya kwako. Mimi ni nesi huku Kisumu, niko na miaka 27 na nimekuwa nikisoma Kijerumani karibu mwaka mmoja na nusu juu nataka kuenda kufanya kazi huko. Mtihani wa kiwango cha B1 nilipita, sasa niko B2. Kuandika niko sawa, kusikiza niko sawa, lakini nikiulizwa swali ni kama kichwa imepotea stima. Jibu nakuja kulipata nikiwa kwa matatu nikirudi nyumbani. Wenzangu wananiambia eti nifikirie kwa Kijerumani, sasa hiyo kufikiria kwa Kijerumani inafanywa aje?
Nesi, Kisumu

JIBU: Hiyo ya jibu kuja ukiwa kwenye matatu imenichekesha manake na mimi yamenikuta, Kijerumani nilikisoma ukubwani na majibu yangu mazuri yote niliyatoa nikiwa naoga.

Tuanze na hiyo stima, mwanangu. Haijapotea. Ukiongea lugha uliyokua nayo kuna kazi tatu zinaenda kwa pamoja: unaamua unataka kusema nini, unatafuta maneno na kuyapanga yakae kisarufi, afu mdomo unatamka. Mholanzi mmoja, Willem Levelt, ndo alizipanga vizuri kwenye kitabu chake mwaka 1989 na mpaka leo watu wa fani hii wengi wanaanzia hapo. Kwenye lugha yako ile kazi ya katikati inajiendesha yenyewe, kama mama anayesonga ugali huku anapiga stori na jirani, wala haangalii sufuria. Kwenye Kijerumani ile ile kazi ya katikati inataka macho yako yote mawili, kwa hiyo unapotafuta neno zile nyingine mbili zinakaa kukusubiri. Kile kimya ni foleni. Una kitu cha kusema, kimesimama kwenye mstari tu.

Sasa ongeza hili. Mwaka 2009 kuna watafiti walipima mazungumzo ya lugha 10, kuna Kijapani, Kidenishi, Kiingereza, mpaka lugha moja ya huko Namibia, wakaona mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana basi kwa wastani jibu linaanza baada ya kama sekunde 0.2. Kufumba na kufumbua. Na huku tunajua kwamba kumwonyesha mtu picha ya kiti ili aseme tu "kiti", kwa lugha yake mwenyewe, kunamchukua kama sekunde 0.6. Hesabu haikubali, sindiyo? Inakubali kwa sababu tunaanza kupanga jibu wakati mwenzetu bado anauliza. We Mjerumani akiongea unahangaika kumwelewa mpaka neno la mwisho, na kwenye Kijerumani neno la mwisho mara nyingi ndo kitenzi chenyewe, kwa hiyo akinyamaza we ndo kwanza unaanza kupanga. Umechelewa kabla hujafungua mdomo na si kosa lako.

Dawa yake ni ya Mbagala, kule Dar. Jioni pale kituoni daladala ikiingia watu hawasubiri mlango, mtu anarusha mkoba dirishani ukae kwenye siti, yeye mwenyewe atafika baadaye akiwa anasukumana. Na we rusha mkoba. Ukiulizwa tu sema "Ja, also…" au "Also, ich würde sagen…", hayo maneno hayana uzito wowote lakini siti imeshakuwa yako, hakuna atakayeikalia, na unapata sekunde mbili tatu za kupanga jambo lako. Wajerumani wenyewe ndo wanavyofanya. Na neno likikukimbia kabisa wana nanihii yao, wanaita "Dings", unasema "das Dings da" na mtu anakuelewa au anakusaidia. Wodini lakini usiseme Dings ukimaanisha dawa ya mgonjwa, tafadhali, hapo uliza kabisa "wie heißt das noch mal?", yaani hii inaitwaje vile?

Sasa lile ambalo mimi nalipigania kila darasa mpaka wanafunzi wangu wananicheka nalo. Tatizo la mwanafunzi siyo kwamba anasita mno, ni mahali anaposita. Angalia hii: "Jana nilienda sokoni… nikakuta nyanya zimepanda bei… nikarudi." Afu hii: "Jana nilienda… sokoni nikakuta nyanya zimepanda… bei nikarudi." Kusita ni mara mbili huku na mara mbili kule, maneno ni yale yale, lakini wa kwanza unamwona mtu anayefikiri na wa pili unamwona mtu anayezama. Watafiti waliolinganisha wenyeji na wanaojifunza wanakuta hicho hicho, mwenyeji anapumzika akishamaliza wazo na mwanafunzi anakatikia katikati ya wazo, pale pale neno lilipomkimbia.

Na wewe nitakuambia unapokatikia wala sijakusikia: kabla ya nomino. Manake kabla ya kusema "Medikament" lazima uamue ni der, die au das, vile vijineno vinavyotangulia nomino, afu uamue imebadilika kuwa dem au den, unasema "ich habe… de… dem Patienten… da… das Medikament… gegeben". Sababu ni kwamba umekariri Medikament peke yake kwenye orodha kama nazi zilizomwagwa chini. Kariri kifungu kizima, "dem Patienten das Medikament geben", kama unavyojua "kumpa mgonjwa dawa", usikifungue wala usikichambue, kitoe kama kilivyo. Ukiwa na vifungu kama 200 vya kazi yako, vya kumgeuza mgonjwa, kupima presha, kukabidhi zamu, hapo ndo utaona ile "kufikiria kwa Kijerumani" wanayokuambia wenzako. Mi naona hakuna uchawi wowote pale, ni vifungu vimekaa tayari kichwani basi.

La mwisho kwako, chukua simu. Simulia kitu kimoja, mfano zamu yako ya jana, kwa dakika 4, jirekodi. Afu simulia kile kile kwa dakika 3, afu kwa 2. Hii mbinu imetangazwa sana na mwalimu mmoja wa New Zealand, Paul Nation, na inafanya kazi kwa sababu mara ya tatu hutafuti tena cha kusema wala maneno, kilichobaki ni kukimbia tu. Ile ya dakika 2 sikiliza upya ukitafuta umekatikia wapi, usihesabu makosa ya sarufi, leo siyo siku yake.

*

Mwalimu swali fupi, nafanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, mwezi ujao, nikitulia kidogo kufikiri maksi zinakatwa? Rafiki yangu kaniambia nisinyamaze hata sekunde moja.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Rafiki yako anakupoteza. Mtihani wa kuongea unachukua dakika 11 mpaka 14 na unapimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, ufasaha wa kutiririka ni kimoja tu kati ya hivyo. Na hata maelezo ya alama ya 9, ile ya juu kabisa, hayasemi usisite, yanasema ukisita iwe kwa sababu unafikiria jambo lenyewe na siyo unatafuta neno au sarufi. Sehemu ya pili wanakupa dakika 1 ya kujiandaa na karatasi, itumie kuandika vifungu viwili vitatu, usiandike insha. Na ukikariri jibu zima ukaja kulimwaga kama tangazo la redio mtahini anajua, manake unatiririka kwenye swali la kijijini kwenu afu ukiulizwa cha nyongeza kidogo tu unaganda kama umemwagiwa maji.

*

Shikamoo Mwalimu. Mume wangu ni Mjerumani, huu mwaka wa tatu tunaishi Arusha. Salamu anazimwaga mpaka wazee wa mtaani wanampenda, za asubuhi, za watoto, za mifugo, zote, lakini ukitoka kwenye salamu ni kilio. Juzi kwenye msiba tumekaa na mashemeji anasema "fundi… ana… ni… pe…" watu wote wakamalizia "NDA!" wakafa kwa kicheko. Kumbe alitaka kusema fundi ananipeleka gereji. Toka siku hiyo akija mgeni anahamia Kiingereza. Nimfanyeje?
Mama K., Arusha

JIBU: Marahaba mama. Aisee. Pole kwa shemeji, na nisamehe manake na mimi nimecheka, lakini meseji yako nimeirudia mara tatu kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho sijawahi kuona mtu anakiandika.

Hebu kumbuka darasani. Mwalimu anasimama mbele, "maji yakichemka yanakuwa mvu…?" na darasa zima "KEEE!" Mhubiri naye, "umoja ni ngu…?" "VUUU!" Kitendawili, tega. Mtu akianza "haraka haraka" we mdomo wako umeshamaliza. Sisi tumelelewa kwamba mtu akikatika katikati ya neno ni kwamba anakuita umalizie, ni adabu kumjibu, ukinyamaza unaonekana hukuwa unasikiliza. Sasa anakuja Mjerumani wa watu anakatikia kwenye "pe" kwa sababu anatafuta njia, na mashemeji wote bila kufikiri wanamjibu kama darasa la tatu. Hawakumdharau, wamemwitikia. Mwambie hivyo, litamponya kidogo.

Lakini kwa nini anakatikia katikati ya neno? Hapo kosa ni la Kiswahili chetu, au sijui niseme sifa. Chukua neno moja tu, "hatukuwaonyesha". Ndani yake kuna kukanusha, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna wao, afu mwishoni kabisa ndo unaambiwa ni kuonyesha. Kwa Kijerumani au Kiingereza hayo ni maneno manne matano na kati ya kila neno unaweza kuvuta pumzi na hakuna atakayekushangaa. Kwetu yote yamegandishwa, hakuna nafasi ya kupumulia, lazima uwe umeshaamua kila kitu kabla hujasema "ha". Sisi hatuoni kwa sababu neno zima linatoka kama risasi. Yeye analijenga tofali kwa tofali huku nyie mnamtazama.

Na ngeli nazo. Nimefundisha wageni Kiswahili miaka mingi, Unguja na huko huko Arusha, na kitu ambacho nimekiona kwa masikio yangu, kama inaruhusiwa kusema hivyo, ni kwamba wengi wanakatikia baada ya nomino. "Miti… i… imeanguka." "Vitabu… vya… vyangu… vi…" Nomino imetoka safi, sasa anasimama kupiga hesabu hii ni ya ngeli gani ili aipachike kwenye kila kitu kinachofuata. Soma tena jibu la nesi wa Kisumu hapo juu: Mswahili akijifunza Kijerumani anakatikia kabla ya nomino, Mjerumani akijifunza Kiswahili anakatikia baada yake. Wakikutana hawa wawili wanaweza kuzungumza bila kukatizana.

Zile salamu anazozimwaga ni vifungu, "za asubuhi", "salama tu", "za watoto", amevimeza vizima, hajengi chochote. Kwa hiyo anaweza. Ni kumwongezea vifungu vingine vizima vya vitenzi, "ananipeleka", "nimeshakula", "sijamwona", "watakuja kesho", avizoee kama salamu kabla ya kujua ndani kuna nini. Kingine mwambie Kiswahili kinamruhusu kuweka vitu mbele kabla ya kitenzi, aseme "Mimi, jana, na yule fundi wa gereji, sasa yule fundi…" hapo ameongea maneno kumi hajagusa kitenzi hata kimoja na kichwa kimepata muda wa kupika. Sisi wenyewe tunaongea hivyo hivyo kila siku. Na mfundishe nanihii! Nashangaa vitabu vingi vya wageni havifundishi nanihii wakati ndo neno linalobeba nusu ya mazungumzo ya nchi hii, "nipe ile nanihii", "umeshananihii?", mgeni akisema nanihii mahali pake watu wanamwona kaiva.

Kwenu nyie mashemeji sasa. Akikatika, hesabuni moyoni moja mpaka tatu. Msimalizie. Kuna watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2014, waliwaweka watu mbele ya picha wakiwa wanamsikiliza mtu anayetoa maelekezo, mwenyeji akisema "eee" kabla ya neno, macho ya wasikilizaji yanaanza kwenda kwenye picha ya kitu kisichotajwa mara kwa mara, yaani wanajua anatafuta neno gumu. Mgeni mwenye lafudhi akisema "eee" ile ile, macho hayaendi popote. Ni kama masikio yameshakata shauri kwamba huyu anasita tu kwa sababu ni mgeni. Kwa hiyo mgeni anafanya kazi mara mbili, anatafuta neno na bado hasikilizwi vile anavyosikilizwa mwenyeji. Na kuhamia Kiingereza mara tu anapokatika, hiyo sisi tunaiita ukarimu, yeye anaisikia kama mlango umefungwa.

*

Assalaam aleikum Mwalimu. Mie ni mtu wa Mombasa, nipo Muscat huku Oman yapata mwaka na miezi, nafanya kazi kwenye nyumba moja. Kiarabu naelewa lakini kujibu sharti nifikiri, na mie nikifikiri hutoa "eee…". Juzi mama mwenye nyumba kaniuliza kuhusu Ijumaa, mie "eee…" natafuta maneno ya kumwambia nina safari, yeye keshageuka kaenda zake. Ijumaa ikawa ni kazi kutwa. Nifanyeje?
Mpwani, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Hapo umeponzwa na sauti moja. Huko Ghuba watu wengi "ee" ni ndiyo, kama ilivyo kwetu tu, sasa umesema ndiyo huku unatafuta hapana.

Watu wanadhani mguno wa kufikiri ni sawa dunia nzima, kumbe kila lugha ina wake na unatakiwa kujifunza kama neno jingine. Mfaransa anasema "euh" kama ana kitu moto mdomoni. Mjapani anavuta "ano…", Mchina "neige…", wa Amerika ya Kusini wengi wanasema "este…", na cha kuchekesha hayo matatu ya mwisho yote maana yake asili ni hii au ile, sawasawa na sisi tunavyosema "ile… ile…" huku tunanyooshea kidole hewa. Mguno wa kwenu ukiupeleka kwenye lugha ya watu unaweza kuonekana unaitikia, au umekasirika, au hujasikia.

Bahati yako ni kwamba mguno wa Kiarabu unao tangu utotoni. Yaani! Yaani yetu imetoka kwao, na Waarabu wenyewe wanaitumia hivyo hivyo kuvutia muda, ila itoe kwa kooni kidogo, ile herufi 'ain yake isikike. Mwingine ni "lahdha", subiri kidogo, ambayo kwenye Kiswahili cha vitabu bado ipo kama lahadha. Na kwa mambo kama ya Ijumaa, weka uamuzi mbele na kusita nyuma: "La… yaani…" sasa hata ukitafuta neno nusu saa, la imeshasikika. Muscat kuna familia nyingi zinazoongea Kiswahili, watu waliozaliwa Unguja na wajukuu zao, wengine walirudi baada ya Mapinduzi ya 1964 na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, kwa hiyo hata akina jirani wanaweza kukukalimania siku ya shida. Lakini usitegemee hilo dada, utakaa miaka mitano hujajua kusema hapana.

*

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu kaingia kidato cha kwanza mwaka huu, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Mwalimu wake kaniita ananiambia mtoto ana kigugumizi, akiulizwa swali anarudia "the… the… the…" na wenzake wanacheka. Nyumbani hana kabisa, anaongea mpaka tunamfukuza akalale. Nimpeleke hospitali?
Baba, Morogoro

JIBU: Marahaba. Baba jibu umeshaliandika mwenyewe, nyumbani hana. Kigugumizi ni kitu cha kweli, inakadiriwa mtu mzima 1 kati ya 100 anacho, na kwa kawaida kinaanza mtoto akiwa mdogo, miaka 2 mpaka 5 hivi, siyo siku anavaa sare ya sekondari. Mwenye kigugumizi neno analijua, analo, linamkwama kutoka, utaona shingo inakaza, macho yanafumba, anarudia herufi ya kwanza, na linamtokea kwa lugha anayoipenda kabisa akiongea na watu wake. Mwanao anarudia "the" nzima, kanyoosha, kwa sababu "the" ndo mkoba wake wa dirishani, anashikilia siti huku anatafuta nomino ambayo mwaka jana alikuwa anaijua kwa Kiswahili. Mtoto alikuwa anaelezea usanisinuru vizuri tu, leo kaambiwa aelezee kitu kile kile kwa lugha ambayo hajawahi hata kuombea chumvi. Nani asingesita?

Ukiona kwa Kiswahili nako kunaanza kukwama, hapo sawa, mpeleke hospitali kubwa ulizie mtaalamu wa mambo ya usemi. Lakini kwa ulivyoeleza, kinachotakiwa kubadilika ni saa ya mwalimu. Kuna mwalimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alikaa madarasani na tepu akapima walimu wanasubiri muda gani baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde 1 tu ndo wanadakia wenyewe au wanamtaja mtoto mwingine. Wakisubiri 3, majibu yanakuwa marefu na watoto ambao huwa wamenyamaza wanaanza kuongea. Na hao walikuwa watoto wanaosoma kwa lugha yao! Nenda kaongee na mwalimu kwa upole, usiende na maneno ya "nimesoma gazetini", walimu hatupendi. Muombe tu amsubiri, na ampe dakika ya kuandika jibu kabla ya kusema. Wanaocheka watanyamaza wakianza kuulizwa wao. Na lile neno kigugumizi mkataze mtu yeyote asimuite nalo nyumbani, hata kwa utani, manake mtoto akishaamini analo ataanza kuogopa kufungua mdomo.

*

Mwalimu, unatufundisha kusita mahali pazuri, mbona mwenyewe ulivyoalikwa kwenye ule mdahalo ulisema "yaani" kila sentensi? Mganga hajigangi?
Mpenzi msomaji, Tanga

JIBU: Mtu wa nyumbani huyu, kashanikamata. Ni kweli. Nilijirekodi baada ya kusoma meseji yako, dakika 5 za kuongea kawaida, nikahesabu yaani 23, nikasimama kuhesabu nilipofika "sasa" kwa sababu heshima ilikuwa inaisha.

Ila nijitetee kidogo. Waliohesabu mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, wenyeji kwa wenyeji, wamekuta kama mara 6 kwenye kila maneno 100 mtu anaguna, anarudia au anaanza sentensi upya. Na mama mmoja wa London, Frieda Goldman-Eisler, aliyetumia miaka kupima vimya kwa mashine, alikuta mtu akiongea bila kuandaa, kimya peke yake kinaweza kula karibu nusu ya muda wote. Hao ni watu wanaoongea lugha yao! Mdahaloni mtu anatunga hapo hapo, hasomi. Anayesoma ndo hasiti, ndo maana mtangazaji wa taarifa ya habari akiwekwa kwenye kipindi cha maswali ya papo kwa papo utamsikia naye anaanza yaani yaani kama sisi.

Lakini nilikusikiliza, nikapanga wiki nzima niongee bila yaani hata moja. Nikaenda Jumatatu mpaka Alhamisi tu. Sentensi zinatoka zimenyooka, moja, nukta, nyingine, nukta. Alhamisi usiku mezani mke wangu akaweka kijiko chini akaniangalia, akaniuliza, "Baba fulani, nimekukosea nini?"